Kwa mama jirani, kituoni au shuleni: ulinganisho kwa mzazi anayetafuta pa kumwacha mtoto Dar es Salaam

Likizo ya uzazi, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua pacha au zaidi. Kliniki nao wanakuambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Piga hesabu mwenyewe: kuna miezi mitatu hivi ambayo ofisi inakutaka na kliniki inakutaka, na katikati yuko mtoto ambaye lazima awe mikononi mwa mtu. Wengi wetu tunaanza kutafuta pa kumwacha katika miezi hiyo, tukiwa hatujalala vizuri, tukiwa na haraka, huku kila shoga na kila shangazi ana neno lake.

Naishi Kimara, kazi yangu iko Posta. Watoto wangu wawili wamepita katika aina zote tatu ninazozilinganisha hapa, na mengine nimeyajua kupitia kwa wazazi tuliokuwa tukikutana mlangoni jioni. Sina aina moja ya kumshauri kila mtu. Nina mambo ya kuangalia.

Aina zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni kwa mama jirani: mwanamke wa mtaani anayepokea watoto wachache sebuleni au barazani kwake, huku shughuli nyingine za nyumba zikiendelea. Ya pili ni kituo cha kulelea watoto mchana, wengi tunaita dei kea, chenye jengo lake, walezi wa kuajiriwa na geti. Ya tatu ni shuleni: chumba cha watoto wadogo ndani ya shule ya binafsi, mara nyingi ya mchepuo wa Kiingereza, ambapo mtoto anaingia na miaka miwili au mitatu na kuendelea hadi darasa la awali. Habari za dada wa kazi siziingizi. Zina mambo yake mengi mno.

Tunapima nini

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, inataja nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (yaani mlezi anayemsikiliza na kumjibu mtoto), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nazikubali zote tano, ila huwezi kusimama getini ukauliza, "Je, mna malezi yenye mwitikio?" Watakujibu ndiyo. Kwa hiyo nimezigeuza maswali ambayo jibu lake naliona kwa macho yangu. Kuna mikono mingapi kwa watoto wangapi? Wanafungua na kufunga saa ngapi? Mtoto anakula nini, na kwa kijiko cha nani? Akiugua, au mwenzake akiugua, inakuwaje? Wana karatasi gani? Mwisho wa mwezi nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla? Na likitokea baya, nitalijua saa ngapi na kutoka kwa nani?

Kabla ya hayo yote, nenda saa nane mchana, bila kupiga simu.

Nilijifunza hili kwa mtoto wa kwanza. Kuna kituo kimoja nilikipenda asubuhi: ukuta umechorwa bata na tarakimu, watoto wanaimba, mwenye kituo ananionyesha jiko linalong'aa. Siku ya tatu nikarudi saa nane kwa sababu nilikuwa nimesahau kuacha nakala ya kadi ya kliniki. Niliwakuta watoto kumi na mmoja juu ya magodoro mawili na mlezi mmoja, binti mdogo, amekaa kizingitini na simu yake. Wengi walikuwa wamelala. Mmoja alikuwa amesimama, ameshika nondo za dirisha, suruali imelowa hadi magotini. Halii. Hicho ndicho kilichonitisha, kwamba halii. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyelowa hulia mpaka mtu aje. Yule alikuwa ameshazoea kwamba haji mtu.

Wiki hiyohiyo nikaenda kituo kingine, saa ileile. Mlezi alikuwa amechuchumaa anambadilisha mtoto nepi, anamwambia, "Haya, tunainua mguu wa huku. Na wa huku." Mtoto mwenyewe hata kukaa bado. Yule mama aliniona, akaitikia salamu yangu, na hakunyanyuka mpaka alipomaliza kufunga nepi na kumlaza mtoto vizuri. Rangi ya ukuta wa kituo hicho siikumbuki.

Mikono

Kipimo changu ni cha kijinga lakini hakijaniangusha: moto ukizuka, mlezi mmoja anatoka na watoto wangapi wasiotembea? Wawili, mmoja kila mkono. Mlezi mmoja kwa watoto wachanga watatu au wanne naweza kuvumilia. Wakizidi hapo, najua kuna mtoto atakayelia mpaka achoke.

Kwa mama jirani idadi huwa ndogo, na mikono ni ileile kila siku, jambo ambalo mtoto mchanga analihitaji sana. Ubaya wake ni kwamba mikono hiyo ina kazi nyingine. Anapika maandazi ya kuuza, anafua, anakwenda msibani. Muulize waziwazi: ukienda sokoni unawaachia nani? Mama aliyemlea mwanangu wa pili alinijibu bila kuzunguka: "Siendi. Binti yangu anatoka shule saa tisa, ndiye anayekwenda." Hapo nikaridhika.

Kituoni walezi ni wengi, lakini wanaondoka sana kwa kuwa mishahara ni midogo. Swali la maana kuliko "mna walezi wangapi" ni "mlezi wa chumba hiki ana muda gani hapa?" Kama aliyekaa muda mrefu ana miezi minne, mwanao atazoea sura mpya kila mara.

Shuleni uangalifu mwingi unakwenda kwa madarasa ya juu. Chumba cha wadogo hupewa mwalimu mmoja na msaidizi, na kwa mtoto wa miaka minne anayejua kusema "nataka kukojoa" inatosha. Kwa asiyejua, haitoshi.

Saa na umbali

Hapa ndipo wazazi wengi wa Dar wanaposhindwa, hata wenye pesa.

Jirani yangu mmoja huchukua samaki Ferry na kuwatembeza mitaani. Anatoka nyumbani saa kumi alfajiri. Hakuna kituo wala shule itakayompokea mtoto saa hiyo. Mama wa nyumba ya pili humpokea akiwa bado amelala, amefungwa kwenye kanga, na kumlaza ubavuni mwake hadi kuche. Ukimwambia mwanamke huyu atafute kituo chenye usajili, hujamsaidia kitu.

Vituo vingi nilivyovipitia hufungua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na kufunga saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Ukitoka Posta saa kumi na moja, basi la mwendokasi likijaa mara mbili mbele yako, umeshachelewa, na kuchelewa kunalipiwa. Shule ndiyo yenye saa fupi kuliko zote: watoto wadogo huachiwa saa sita au saa nane, isipokuwa wenye utaratibu wa kubaki. Halafu kuna likizo za Juni na Desemba. Mzazi anayemwandikisha mtoto Januari huwa hakumbuki kwamba Juni shule itafungwa na kazini hakufungwi. Na kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, Sabasaba na sikukuu nyingine ni siku za kuuza. Uliza kalenda nzima.

Karibu na nyumbani au karibu na kazini? Kwa anayenyonyesha, mimi naegemea karibu na kazini. Sheria ileile ya 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi muda wa saa 2 kwa siku. Haki hiyo ina faida mtoto akiwa mtaa wa pili. Akiwa Kimara na wewe uko Posta, inabaki kwenye karatasi. Lakini kumpandisha mtoto mchanga kwenye daladala asubuhi ni adha, na akishaacha kunyonya sababu ya kumburuza hadi mjini inaisha.

Chakula na maziwa

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa kwa muda wa saa 4 katika chumba kisichozidi nyuzi joto 25, na hadi siku 4 kwenye jokofu. Chumba cha Dar es Salaam kisichozidi nyuzi 25 mchana ni cha kutafutwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayepeleka mtoto mchanga ni jokofu, na la pili ni umeme ukikatika wanafanyaje. Kituo kimoja walinionyesha kasha la barafu na chupa zilizoandikwa jina na saa kwa kalamu ya wino mzito. Mama jirani wengi hawana nafasi hiyo. Wangu aliazima kona ya jokofu la duka la jirani, na ilifanya kazi, ingawa nilikuwa na wasiwasi kila siku. Shuleni sijaona chumba kinachopokea maziwa ya kukamua, kwa kuwa hawapokei watoto wa umri huo.

Kwa mtoto anayekula, mama jirani hushinda mara nyingi: uji wa moto, wali na maharage, mtoto anakula na wengine kwenye mkeka, anajifunza mboga za majani bila vita. Kituoni kuna ratiba ukutani. Usiisome ratiba, angalia sahani. Na angalia vijiko. Nimeona kijiko kimoja kikizunguka vinywa vitano, na mwezi huo watoto wote wa chumba kile waliharisha. Shuleni mara nyingi mtoto anakwenda na chakula chake kutoka nyumbani. Ni salama kwa mwenye mzio, ni kazi ya alfajiri kwa mama.

Ugonjwa

Kipimo ni kimoja kwa wote: je, wameomba kadi ya kliniki? Chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi 9 na miezi 18. Asiyekuuliza wewe kadi hajamuuliza na mzazi wa yule mtoto anayelala karibu na wako. Vituo vyenye utaratibu huomba nakala. Shule pia, ingawa huiweka kwenye faili isisomwe tena. Mama jirani haombi, kwa hiyo chukua hatua wewe, mpelekee, na waambie wazazi wenzako wafanye hivyo.

Kuna hofu ambayo wazazi tunanong'onezana, kwamba kuna mahali watoto hupewa dawa ya mafua ili walale. Usimtuhumu mtu, ila sema siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida: mwanangu hapewi dawa yoyote mpaka nipigiwe simu. Na akirudi nyumbani siku kadhaa mfululizo amelegea, halafu Jumamosi na Jumapili ni mzima, amini unachokiona.

Karatasi

Kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na maombi hupitia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Darasa la awali liko chini ya wizara ya elimu. Tofauti hii wazazi wengi hawaijui. Shule inaweza kukuonyesha cheti chake kizuri kilichowekwa kwenye fremu, na bado chumba cha watoto wa miaka miwili huko nyuma hakina usajili wa aina yake. Ukiwa shuleni, uliza karatasi mbili. Ukiwa kituoni, uliza moja, kisha pita ofisi ya ustawi wa jamii uulize kama wanakifahamu. Nilipokwenda, afisa alijua hadi jina la mlezi mkuu.

Mama jirani kwa kawaida hana karatasi yoyote, na sitakuambia hilo ni dogo. Hakuna aliyekagua jiko lake wala choo chake, kwa hiyo mkaguzi ni wewe. Angalia kisima kimefunikwa, mafuta ya taa yamewekwa wapi, mlango wa barabarani una komeo, na wanaume wanaoingia na kutoka humo ni nani. Hilo la mwisho tunaona aibu kuliuliza. Liulize.

Kitu kimoja ninakitaka kila mahali: daftari la kuchukulia watoto. Majina ya wanaoruhusiwa, saini, saa. Bodaboda wa kawaida wa mtaa si jina la kwenye daftari.

Fedha

Nilimlipa mama jirani 3,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 66,000, na mtoto asipokwenda hulipi. Kwa mwenye kipato cha siku kwa siku hakuna mpango mwingine unaolingana na mfuko wake. Kituo nilicholipa kilikuwa 120,000 kwa mwezi, aende asiende, pampasi juu yangu, na 2,000 kwa kila nusu saa ya kuchelewa. Kuna mwezi nilichelewa saa nzima karibu mara tatu kila wiki. Ilikuja 48,000 zaidi, yaani 168,000, na ndipo nilipoelewa kwamba bei ya kituo inategemea foleni ya barabara yako. Shule hutoza kwa muhula, na kwenye karatasi huonekana nafuu ukigawa kwa miezi. Ongeza sare, fulana ya michezo, usafiri, michango, na mahafali ya mtoto wa miaka mitano.

Habari mbaya inakufikiaje

Kwangu hili ndilo linaloamua.

Mwanangu wa kwanza alirudi kutoka kituoni na uvimbe kwenye paji la uso, mkubwa kama nusu ndimu. Nilimwona mimi, jioni, kwenye taa ya kibaraza, nilipomvua kofia ambayo asubuhi sikumvalisha. Nilipouliza niliambiwa, "Ameanguka tu, mama, watoto ndivyo walivyo." Kweli ndivyo walivyo, wangu ameanguka mara nyingi tangu hapo. Ile kofia ndiyo sikuisamehe. Wiki iliyofuata nilimtoa.

Kwa mama jirani, mwaka mwingine, simu ililia saa nne asubuhi nikiwa kikaoni. "Mama, mwanao ameungua kidole kwa uji, kwa uzembe wangu, nimekimwagia maji ya bomba muda mrefu, analia lakini anacheza. Unataka nimpeleke zahanati?" Alisema *kwa uzembe wangu*. Nilimwachia mtoto miezi minane zaidi.

Kwa hiyo kila ninapokagua mahali huuliza: mara ya mwisho mtoto kuumia hapa ilikuwaje? Kituo kizuri hutoa daftari la matukio. Mama jirani mzuri husimulia. Shule nzuri hukutajia nani alimpigia mzazi. Anayejibu kwamba hapa hajawahi kuumia mtoto, mimi naaga.

Sasa wewe uko wapi?

*Mtoto ana miezi 3 hadi 12, unafanya kazi ofisini.* Kituo kidogo karibu na kazini, chenye jokofu na walezi waliokaa muda mrefu. Kama hakipo, mama jirani mwenye watoto wasiozidi watatu ni bora kuliko kituo kikubwa kilichojaa.

*Unatoka alfajiri, au kipato chako ni cha siku.* Mama jirani, ukiwa wewe ndiye mkaguzi. Ungana na wazazi wenzako wawili watatu mchange mkeka wa ziada, vijiko vyenye alama na poti za watoto. Mkifika watoto wengi, msindikizeni kwa afisa ustawi aelezwe njia ya kusajiliwa.

*Unafanya kazi za zamu, usiku mara kwa mara.* Hakuna kati ya hizi tatu inayotosha peke yake. Muuguzi mmoja ninayemfahamu ana kituo cha mchana na mama yake mdogo wa usiku. Shule ikikuahidi kumlaza mtoto mdogo, kumbuka kwamba Machi 2023 wizara ya elimu ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hiyo waulize wana kibali gani.

*Mtoto ana miaka miwili au mitatu, anaongea, anataka wenzake.* Kituo chenye uwanja. Kama wanampa mtoto wa miaka mitatu kazi ya kuandika nyumbani, mimi ningetafuta kwingine. Umri huo mchanga, maji na hadithi vinamfundisha zaidi ya daftari.

*Ana miaka minne kuendelea na unaye wa kumpokea saa nane.* Shule sasa ina maana, hasa kama ndiyo utakayomwendeleza nayo. Huna wa kumpokea? Linganisha gharama ya kubaki shuleni na ya kituo kitakachomfuata kwa gari.

*Mtoto ana ulemavu au ugonjwa wa kudumu.* Usianze na aina ya mahali. Anza na mtu mmoja aliye tayari kufundishwa na wewe, kwa siku tano ukiwepo, namna ya kumlisha na kumpa dawa. Mtu huyo anaweza kuwa popote kati ya hizi tatu.

*Tayari umeshampeleka, na moyo hautulii.* Omba ruhusa kazini kesho, ufike saa nane mchana bila kupiga simu. Ukizuiwa kuingia kumwona mwanao, ondoka naye. Ukiona dalili za kupigwa au kuguswa vibaya, mpeleke hospitali na upige 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto. Ni bure.